Marchamont Nedham, ndumilakuwili wa magazeti ya kwanza ya Uingereza

Agosti 1645, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza vikiwa vimetimiza miaka mitatu, kijarida kimoja cha London kilipiga mbiu ya kumsaka mtu, kama ile iliyopigwa mitaani mwizi anapotoroka. Mwenye habari zozote, kilisema, ajitokeze aseme aliko mfalme mkaidi aliyelikimbia Bunge lake kwa miaka minne, mwenye dhamiri yenye hatia, mikono yenye damu na moyo uliojaa ahadi zilizovunjwa. Na kama alama hizo hazitoshi kumtambua, iko nyingine mdomoni: mwambie aseme neno, utamjua papo hapo.

Mfalme Charles wa Kwanza alikuwa na kigugumizi.

Mwandishi wa mbiu hiyo alikuwa kijana wa karibu miaka 25, Marchamont Nedham. Miaka miwili baadaye alipiga magoti mbele ya mfalme huyohuyo, akaomba radhi, akaanza kumtetea kwa kalamu ileile. Januari 1649 mfalme akakatwa kichwa, na kufikia katikati ya 1650 Nedham alikuwa analipwa na waliomkata. Oliver Cromwell, jenerali wa jeshi la Bunge, alipojitwalia madaraka, Nedham akabaki kazini. Ufalme uliporudi mwaka 1660 alikimbia nchi, akasamehewa, akarudi, na kabla ya kufa alikuwa amekwisha kuandika kwa niaba ya serikali ya mtoto wa mfalme ambaye Nedham alimcheka. Bendera hufuata upepo, tunasema. Ila bendera haifungwi jela, na Nedham alifungwa. Hapo ndipo kisa chake kinapoacha kuwa rahisi.

Kwanza tuelewe alikuta nini. Kabla ya miaka ya 1640, Mwingereza aliyetaka kusoma habari za nchi yake kwenye karatasi ya chapa hakuwa na pa kuzipata kihalali. Karatasi ya kwanza ya habari kwa lugha ya Kiingereza ilichapishwa Amsterdam mwezi Desemba 1620. London, mchapishaji Thomas Archer alitiwa ndani mwaka uliofuata kwa kujaribu biashara hiyo bila ruhusa. Waliokuja kupewa ruhusa, akina Nathaniel Butter na Nicholas Bourne, waliruhusiwa habari za nje tu: nani kashinda wapi Ujerumani katika Vita vya Miaka Thelathini, mji gani umezingirwa. Ya nyumbani yalikuwa mwiko. Mwaka 1632 hata hizo za nje zilipigwa marufuku, na ruhusa ikarudi 1638.

Aliyeshika rungu lote hilo alikuwa mfalme, kupitia mahakama iliyoitwa Star Chamber. Mwaka 1641 Bunge, likiwa katika ugomvi mkali na mfalme, liliifuta mahakama hiyo. Hakuna aliyekusudia kuanzisha uhuru wa habari. Palibomoka ukuta tu, na wachapishaji wakapita. Novemba mwaka huohuo kikatoka kijarida cha kwanza cha habari za ndani, na baada ya miezi michache vilikuwa vingi kiasi cha kugongana majina.

Usivifikirie kama magazeti ya leo. Unachukua karatasi moja kubwa, unaichapa pande mbili kwa mtambo wa mkono, unaikunja mara mbili na kuikata: kurasa nane. Bei peni moja. Vingi vilitoka mara moja kwa wiki, kila kimoja na siku yake, na vingi vilijiita Mercurius, jina la mjumbe wa miungu ya Warumi. Wauzaji wa rejareja walikuwa mara nyingi wanawake, nao watu wakawaita kwa jina hilohilo. Habari zilitoka kwenye barua za wanajeshi, kumbukumbu za Bunge, porojo za mitaani na vijarida vya wenzao, maana kunakili hakukuhesabiwa wizi.

Mwezi Januari 1643 upande wa mfalme, uliokuwa umepiga kambi Oxford, ulianzisha chake: Mercurius Aulicus. Kiliandikwa vizuri, kwa kejeli ya watu waliosoma, na kiliingizwa London kwa magendo. Wakubwa wa Bunge waliumia. Walikuwa na jeshi, walikuwa na mji mkuu, walikuwa na mitambo mingi ya kuchapia kuliko mfalme, lakini kila wiki walichekwa. Agosti 1643 wakajibu kwa Mercurius Britanicus, chini ya Kapteni Thomas Audley, na msaidizi wake, ambaye baadaye alibeba karibu kazi yote, akawa Nedham.

Alizaliwa Burford, katika jimbo la Oxfordshire, mwaka 1620. Baba alifariki Nedham akiwa mchanga, mama akaolewa na kasisi wa mji aliyekuwa pia mwalimu. Alisoma Oxford, akapata shahada akiwa na miaka 17, akafundisha kama mwalimu msaidizi katika shule ya Merchant Taylors huko London, kazi ya mshahara mdogo, kisha akawa karani katika chama cha wanasheria cha Gray's Inn. Kwa ufupi: kichwa kikubwa, mfuko mwembamba. Zama nyingine angekufa karani.

Kipaji chake kilikuwa matusi, ila tumtendee haki: yalikuwa matusi ya msomi. Alichukua madai ya Aulicus moja baada ya moja, akayajibu kwa mzaha, kwa vijembe, kwa Kiingereza cha sokoni kilichochanganywa na Kilatini cha darasani. Juni 1645, katika vita vya Naseby, jeshi la Bunge lilikamata sanduku la barua za siri za mfalme, zikiwemo alizoandikiana na mkewe Henrietta Maria kuhusu kupata msaada wa Wakatoliki wa Ireland na majeshi ya nje. Bunge lilizichapisha. Nedham akazichambua wiki baada ya wiki, barua kwa barua. Ndipo ikafuata ile mbiu ya kigugumizi, na Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge, likakasirika. Kumpiga mfalme vita ilikuwa sawa; kumcheka ulemavu wake ilikuwa ukosefu wa adabu. Audley na mchapishaji walipelekwa kizuizini, Nedham akakemewa.

Hakukoma. Mei 1646 Malodi walimtupa katika gereza la Fleet kwa maandishi mengine dhidi ya mfalme, na hakutoka hadi alipoweka dhamana na kuahidi kutoandika tena bila ruhusa. Kijarida kikafa. Tazama hali ilivyokuwa: alifungwa na upande wake mwenyewe, kwa kosa la kuwa mkali kupita walivyotaka. Kwa muda akaishi kwa kutibu watu, kazi ambayo angeirudia kila kalamu ilipomtupa.

Mwaka 1647 mfalme alikuwa mateka, na walioshinda vita walikuwa wanagombana: Wapresbiteri, kundi la Waprotestanti, bungeni upande huu, jeshi la Cromwell upande ule. Nedham alipata nafasi ya kumfikia mfalme katika kasri la Hampton Court, akapiga magoti, akabusu mkono. Septemba akatoa Mercurius Pragmaticus, na kila toleo lilianza kwa beti nne za mashairi ya kejeli. Sasa aliyepigwa mawe alikuwa Cromwell. Alimwita Pua ya Shaba, Pua Mwenyezi, fahali wa mji wa Ely. Waliosoma waliujua mkono. Hakuna mwingine London aliyeweza kutukana kwa ufundi ule, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake: mtindo ulimfichua hata jina lilipofichwa.

Hatari ilikuwa ya kweli. Mwisho wa Septemba hiyohiyo Bunge lilitoa amri: mwandishi wa kijarida kisicho na kibali alipe shilingi 40 au afungwe siku 40, mchapishaji alipe shilingi 20 au afungwe siku 20, na mtambo wake uvunjwe, mchuuzi wa barabarani anyang'anywe mzigo na achapwe viboko. Ona mwenyewe viboko vilipangiwa nani. Pragmaticus kiliendelea kuchapwa kwa kujificha, na kilipendwa hata watu wengine wakaanza kughushi: wiki nyingine mitaani kulikuwa na zaidi ya Pragmaticus mmoja, kila mmoja akimwita mwenzake bandia. Mpaka leo wachambuzi wanajadili lipi lilikuwa toleo la Nedham.

Hata baada ya mfalme kuuawa aliendelea kwa miezi. Juni 1649 walimkamata, wakampeleka gereza la Newgate. Novemba akatoka, na waliomsaidia hawakuwa watu wadogo: William Lenthall, Spika wa Bunge, na John Bradshaw, yuleyule aliyekuwa jaji mkuu wa kesi ya kumhukumu mfalme. Serikali mpya ya jamhuri ilikuwa imefanya hesabu ya kibiashara. Mtu huyu ukimnyonga unapoteza kalamu. Ukimnunua, unaipata wewe na adui anaikosa.

Mei 1650 Nedham alilipa deni kwa kitabu cha kuitetea jamhuri. Katika dibaji alimwambia msomaji kwamba huenda ana maoni tofauti na ya kitabuni, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa nayo hayohayo kwa muda, hadi sababu fulani zilipomfanya aitazame serikali mpya kwa jicho lisilopendelea. "Sababu fulani"! Kila aliyesoma alijua zilikuwa na vyuma madirishani. Baraza la serikali likampa pauni 50 mkononi na pauni 100 kwa mwaka.

Mwezi uliofuata akaanzisha Mercurius Politicus, na hiki ndicho kilichomfanya awe mtu wa kukumbukwa na si kioja tu. Alifungua toleo la kwanza kwa swali: kwa nini Jamhuri isiwe na mchekeshaji wake, kama mfalme alivyokuwa na wake? Kijarida kilikuwa na kurasa 16, kilitoka kila Alhamisi, kikadumu karibu miaka kumi, muda mrefu ajabu kwa biashara ambayo majina mengi yalikufa kabla ya mwezi. Kwa muda, mkaguzi aliyekiidhinisha kabla ya kuchapwa alikuwa John Milton, mshairi, ambaye mwaka 1644 alikuwa ameandika utetezi maarufu wa vitabu kuchapwa bila kukaguliwa kwanza. Madaraka yana namna yake ya kumpa mtu kazi aliyoilaani. Wawili hao wakawa marafiki.

Baadaye usimamizi ulikwenda kwa John Thurloe, katibu wa serikali aliyeshika ujasusi na, kwa muda, posta pia. Fikiria maana yake kwa mhariri. Barua kutoka Paris, The Hague na kwingineko, za mawakala na hata zilizofunguliwa njiani, zilipita mezani kwa Thurloe, na sehemu iliyofaa umma ikaenda kwa Nedham. Habari zake za nje zilikuwa bora kuliko za yeyote, kwa sababu zilitoka jikoni kwenyewe. Kwa sababu hiyohiyo zilisema kile tu mpishi alichotaka kionjwe. Vuli ya 1655 Cromwell alivifunga vijarida vingine vyote vya habari, akaachwa Nedham peke yake na viwili: Politicus siku ya Alhamisi na Publick Intelligencer siku ya Jumatatu. Kijana aliyeingia kwenye fani kwa sababu ukuta wa mfalme ulibomoka, sasa ndiye aliyekuwa ukuta.

Hapa kuna fundo ambalo wanaomwita mnunuliwa hawalifungui. Kati ya 1651 na 1652 Nedham aliandika ukurasani mwa Politicus tahariri moja baada ya nyingine kuhusu dola huru. Alifundisha, akitumia mifano ya Roma na fikra za Machiavelli, kwamba watu wenyewe ndio walinzi bora wa uhuru wao, kwamba madaraka yasikae mkononi mwa mtu mmoja au ukoo mmoja, kwamba mabunge yabadilishwe mara kwa mara. Hakuna aliyemlazimisha kufika mbali kiasi hicho. Na mwaka 1656, Cromwell akiwa tayari amekaa kwenye kiti cha Mlinzi Mkuu wa nchi, mfalme asiye na taji, Nedham alizikusanya tahariri hizo na kuzitoa kama kitabu bila kuweka jina lake. Maneno dhidi ya utawala wa mtu mmoja, chini ya utawala wa mtu mmoja, yametoka kwa mhariri wa mtu huyo. Kitabu kilichapwa upya London mwaka 1767, kikasomwa Amerika, na John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani, alitumia sehemu kubwa ya juzuu ya tatu ya kazi yake kuhusu katiba, mwaka 1788, kubishana nacho hoja kwa hoja. Hubishani kwa mamia ya kurasa na mpuuzi.

Basi alikuwa mwamini au mchuuzi? Nadhani ufunguo uko kwenye kijitabu chake cha 1659, ambacho jina lake ni methali iliyotembea Ulaya wakati ule: maslahi hayadanganyi. Humo alipita kundi baada ya kundi la Waingereza, wenye dini hii na ile, wanajeshi, walionunua ardhi zilizotaifishwa, akaonyesha kwamba maslahi ya kila mmoja ni mfalme asirudi. Hakuwahubiria upendo wala uaminifu. Ndivyo alivyoandika kwa muda mrefu, katika kila kambi: usimuulize mtu anaamini nini, muulize atapoteza nini. Akajipima kwa kipimo kilekile. Geuko la 1647 lilitanguliwa na Fleet, la 1649 likatanguliwa na Newgate. Aliziweka fikra zake rehani mara kwa mara, ila baadhi, kama zile za dola huru, alirudi kuzikomboa pesa zilipopatikana. Mimi simwoni msafi. Namwona mtu aliyefanya waziwazi kile ambacho wenzake wengi wa zama zile, maaskofu na majenerali wakiwemo, walikifanya kwa sala ndefu.

Katikati ya siasa hizo kulikuwa na biashara, nayo nisingependa kuipita. Nedham alijaza kurasa za mwisho kwa matangazo ya kulipiwa: vitabu, dawa, farasi walioibwa. Mwaka 1657 alitoa jarida la matangazo matupu, Publick Adviser, na humo Mei mwaka huo kuna tangazo la kinywaji kiitwacho kahawa, kinachouzwa katika uchochoro wa Bartholomew Lane asubuhi na saa tisa alasiri, pamoja na orodha ya magonjwa kinayoponya. Septemba 1658, mwezi aliokufa Cromwell, Politicus kilitangaza kinywaji cha Wachina ambacho, kilisema, wenyewe hukiita "tcha". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo. Neno lilelile lilikuja kwetu kwa njia yake, likitokea Uchina likipitia Asia, wala halikungoja meli ya Mwingereza.

Kwa neno "gazeti" ni tofauti, na njia yake inapitia anguko la Nedham. Ufalme uliponukia, majira ya kuchipua ya 1660, Nedham alifukuzwa kazi na nafasi yake ikaenda kwa Henry Muddiman na mwenzake. Kikatoka kijitabu kilichomkusanyia matusi yake ya zamani, na kichwa chake kilitaja kamba kwa ajili ya "Pol", yaani Politicus. Akakimbilia Uholanzi. Huko hakukaa sana. Alipata msamaha rasmi, na mwanahistoria wa Oxford wa zama hizo, Anthony Wood, ambaye hakumpenda, aliandika kwamba aliununua kwa fedha kupitia mtu wa karibu na ikulu. Msamaha haukuwa jambo dogo: mwaka 1664 mchapishaji John Twyn alinyongwa na kukatwa vipande kwa kitabu tu alichokuwa anakichapa. Msimamizi mpya wa uchapishaji, Roger L'Estrange, alisema wazi kwamba gazeti la umma huwazoesha watu wa kawaida mno mambo ya wakubwa wao. Novemba 1665, ikulu ikiwa imekimbilia Oxford kwa tauni, Muddiman akaanzisha Oxford Gazette, ambalo miezi michache baadaye likawa London Gazette na linatoka hadi leo. Jina lilitoka Venice, ambako gazeta ilikuwa sarafu ndogo, likaingia Kiingereza, na kwa mkono wa Mwingereza likatufikia: gazeti. Anayesoma Gazeti la Serikali Dodoma au Nairobi ana mkononi mjukuu wa karatasi iliyokuja baada ya Nedham kunyamazishwa.

Yeye alirudi kwenye udaktari. Mwaka 1665 aliandika kitabu kikali dhidi ya wakubwa wa Chuo cha Matabibu cha London, kwamba wameng'ang'ania elimu ya kale wakati maradhi yamebadilika, na matabibu kadhaa wakamjibu kwa vitabu. Hakuweza kuandika bila kupigana. Mwaka 1676 serikali ya Charles wa Pili, ikisumbuliwa na Lodi Shaftesbury na upinzani wake, ilimkumbuka mzee, ikamlipa, naye akachapa vijitabu vya kumrarua Shaftesbury kama enzi zile.

Alifariki Novemba 1678 katika Devereux Court, karibu na Temple Bar, akazikwa kanisa la St Clement Danes. Miaka miwili baadaye kanisa lilianza kubomolewa lijengwe upya kwa ramani ya Christopher Wren, na makaburi ya ndani yakaondolewa au kuharibiwa. Usiende kulitafuta jiwe lake.

Vijarida vyake viko. Muuza vitabu mmoja wa London, George Thomason, mtu aliyeishia upande wa mfalme, alikuwa na tabia ya kununua kila kitu kilichochapwa tangu 1640 na mara nyingi kukiandikia tarehe kwa wino. Hakuchagua kambi. Alipoacha mwaka 1661 alikuwa na vichapo takriban 22,000, ambavyo leo vimo katika Maktaba ya Uingereza, vimepangwa kwa kufuata tarehe. Britanicus, Pragmaticus na Politicus vyote vimo, na ukifungua majalada yale kwa mfululizo unamkuta Nedham akimtukana Nedham, miaka mitatu ikiwa imepita katikati.